Soma ni Mwili: Shahada ya Uzamili ya Dansi na Ustawi Hufundisha Nini Hasa

Kwa Kigiriki, soma ni mwili. Kwetu soma ni kitendo: kuzipitia herufi na kuzipa maana, au kwenda shule. Maneno haya mawili hayana undugu, yamefanana kwa bahati tu. Hata hivyo Mswahili anayekutana kwa mara ya kwanza na fani iitwayo somatiki huwa amekwishapewa ufunguo na lugha yake, kwa sababu kinachofundishwa humo ni kuusoma mwili. Kuusoma ukiwa ndani yake, tofauti na daktari anayeusoma kwenye picha ya eksirei.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa nyumba nzima. Mwanafalsafa Mmarekani Thomas Hanna, aliyelieneza jina la fani hii na kuanzisha jarida lake mwaka 1976, aliuona mwili wa mtu kuwa na sura mbili. Ukinitazama mimi, unauona mwili wa nje: urefu, mkao, bega moja lililoshuka kuliko jingine. Mimi mwenyewe bega hilo silioni; nalihisi, au silihisi kabisa mpaka mtu aniambie. Mwili huo unaohisiwa na mwenyewe ndio alioupa jina la soma.

Leo jambo hili linasomewa hadi ngazi ya uzamili na uzamivu. Chuo Kikuu cha Central Lancashire (siku hizi Chuo Kikuu cha Lancashire), katika mji wa Preston, Uingereza, ni miongoni mwa vyuo vilivyoanzisha shahada ya uzamili inayounganisha waziwazi dansi, somatiki na ustawi wa binadamu. Coventry nako kukatoka jarida la kitaaluma la dansi na somatiki, toleo la kwanza mwaka 2009. Lakini mwambie mjomba wako kwamba unakwenda kusomea dansi na ustawi kwa shahada ya pili, atakuuliza mawili. Unakwenda kujifunza kucheza, kwani hujui? Au unakwenda kuwa daktari? Mjomba ana haki ya kuuliza yote mawili.

La kwanza linajibika haraka: hapana. Mwanafunzi anaweza kumaliza kozi nzima bila kufundishwa mtindo hata mmoja wa dansi. La pili pia ni hapana, ila hapana yake ni ndefu, na nitaichukulia nafasi, maana ndipo watu wanapopoteza fedha na wengine wanapoumizwa. Kwanza tujue fani imetoka wapi.

Imetoka kwa watu waliougua. Frederick Matthias Alexander alizaliwa Tasmania, Australia, mwaka 1869. Kazi yake ilikuwa kughani jukwaani, na sauti ikaanza kumkatika katikati ya onyesho. Madaktari wakamshauri apumzishe koo. Akipumzika, sauti hurudi. Akipanda jukwaani, hupotea tena. Akajiuliza: kama nikiongea kawaida sauti inakaa, na nikighani inaondoka, kuna jambo gani ninalolifanya nikighani? Akaweka vioo na kujitazama. Akaona kwamba kila anapotaka kuanza, kichwa chake kinarudi nyuma, koo linabanwa, na pumzi anaivuta kwa nguvu mdomoni. Akaamua kuacha.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kikubwa. Alexander alijihisi ameacha. Alipotazama kioo, akajiona bado anafanya vilevile. Mwili ulimpa habari zisizo za kweli, kwa sababu alikuwa ameuzoea ule mkao mbaya mpaka ukawa ndio "sawa" kwake. Sote tunaijua hali hii: mtu aliyezoea kukaa amejikunja, ukimnyoosha atakwambia sasa ndiyo umempinda. Alexander alitumia miaka kujifunza upya, akahamia London mwaka 1904, akafundisha njia yake kwa miongo mingi.

Nimekaa hapa kwa makusudi. Siku hizi mitandaoni kumejaa wanaosema mwili haudanganyi, usikilize tu. Fani yenyewe ilianza na mtu aliyegundua kwamba mwili hudanganya. Kuusikiliza ni ujuzi, na ujuzi hufunzwa, hukosolewa, hupimwa kwa kioo na kwa macho ya mwenzako. Ndiyo maana kuna darasa.

Wengine walifuata njia inayofanana. Elsa Gindler wa Berlin, anayesimuliwa kuwa aliikabili kifua kikuu kwa kujifunza kulipumzisha pafu moja na kupumua kwa jingine. Moshe Feldenkrais, mwanafizikia na mwanajudo, ambaye goti lake bovu lilimfanya achunguze kila hatua anayopiga. Irmgard Bartenieff, mcheza dansi aliyekuwa pia mtaalamu wa tiba ya viungo, aliyewafanyia kazi wagonjwa wa polio nchini Marekani. Bonnie Bainbridge Cohen, aliyefungua shule yake mwaka 1973, akifundisha watu kuhisi mifupa, ogani na maji ya mwili kama vitu vilivyo hai ndani yao. Majina yao yatamfuata mwanafunzi katika orodha ya usomaji mwaka mzima.

Sayansi inasema nini kuhusu kuhisi huku? Funga macho, kisha gusa ncha ya pua kwa kidole. Umejuaje mkono uko wapi? Ndani ya misuli na kano mna vipokezi vidogo vinavyopima mvutano na unyookaji na kupeleka habari kwenye ubongo bila kukoma. Mwanafiziolojia Mwingereza Charles Sherrington aliipa hisi hii jina la kisayansi, proprioception, mwaka 1906. Hatuifikirii kwa sababu haijawahi kutuacha. Mwaka 1971 kijana Mwingereza wa miaka 19, muuza nyama, aliipoteza kuanzia shingoni kwenda chini baada ya maradhi. Misuli yake haikupooza, lakini hakuweza hata kukaa. Alijifunza upya kukaa, kula na kutembea kwa kuvitazama viungo vyake kwa macho. Taa ikizimika ghafla, anaanguka. Kisa chake kimeandikwa sana, na kinafundisha kwamba kucheza, kabla ya kuwa urembo, ni mazungumzo ya ubongo na nyama.

Kuna hisi nyingine, ya ndani zaidi: mapigo ya moyo, tumbo, pumzi, joto, njaa. Hapa Kiswahili kiko mbele. Waingereza husikia sauti kwa neno moja na kuhisi mwili kwa neno jingine. Sisi tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia kizunguzungu, tunasikia harufu, tunasikia uchungu. Tunaulizana "Unajisikiaje leo?" Na mtu aliyeanguka, kabla ya kuinuka, anawaambia waliomkimbilia: "Ngojeni kwanza, nasikilizia." Kusikilizia. Ukitaka kueleza kwa neno moja kinachofanyika katika darasa la somatiki, ni hilo. Mwalimu wa fani hii atakayefundisha kwa Kiswahili atakuta kazi yake nusu imekwishafanywa na bibi zake.

Darasani basi. Anayepita mlangoni ataona watu wamelala chali kwenye sakafu ya mbao, mara nyingi hakuna muziki. Atadhani wamechoka. Mmoja anageuza kichwa polepole sana, kulia, kisha kushoto, akitafuta ni wapi mwendo unapokwama. Baadaye mwalimu analeta mfupa wa nyonga wa plastiki. Wanafunzi wanaushika, wanauzungusha, wanatafuta kiungo hichohicho kwao wenyewe kwa vidole. Wengi hugundua kwamba nyonga iko mahali tofauti na walipodhani tangu utotoni, na mtu akishajua kiungo kilipo, mwendo wake hubadilika papo hapo. Kisha wanasimama na kucheza kutoka hapo, bila hatua za kuigwa. Halafu wanaandika. Daftari la kila siku ni sehemu ya kazi, kwa sababu kilichohisiwa bila kuandikwa kesho huwa kimekwisha.

Sehemu ya pili ya masomo ni kuwaongoza wengine, na hii wanafunzi huona ndiyo ngumu. Mcheza dansi amezoea kuamuru: inua, shusha, haraka. Hapa anajifunza kuuliza. Anajifunza kuona mtu aliyeacha kupumua. Anajifunza kugusa, na kabla ya kugusa, kuomba ridhaa na kukubali kunyimwa. Anatumwa fildi: kituo cha wazee, shule, kikundi cha wanawake, watu wanaoishi na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo. Mwisho kuna utafiti na tasnifu. Wengi hushangaa kwamba tasnifu inaweza kuandikwa kutokana na mwili wa mtafiti mwenyewe. Inaweza, na haina maana ya kusimulia unavyojisikia kurasa mia. Lazima uonyeshe ulifanya nini, mara ngapi, ulirekodije, ulilinganisha na nini, na wapi ulikosea kama Alexander mbele ya kioo. Kamati ya maadili ya chuo inapitia mpango wako kabla hujamgusa mtu.

Sasa ile hapana ndefu.

Zipo njia mbili zinazofanana kwa mbali, na vipeperushi vya vyuo havisaidii kuzitofautisha. Moja ni elimu ya mwendo wa kisomatiki, ndiyo hii ninayoieleza. Nyingine ni tiba ya kisaikolojia kwa dansi. Mama wa hii ya pili ni Marian Chace, mcheza dansi wa Washington. Aligundua kwamba baadhi ya wanafunzi wa studio yake hawakuja kwa ajili ya jukwaa; walikuja kwa sababu wakicheza walipata nafuu ya rohoni. Madaktari wa akili wakaanza kumpelekea wagonjwa, na mwaka 1942 akaanza kazi katika hospitali ya St. Elizabeths, akicheza na watu ambao wengine walikuwa hawasemi na mtu. Hakuwafundisha hatua. Aliuchukua mwendo wao, hata kama ni kuyumba tu kwenye kona, akauyumba pamoja nao. Mwaka 1966 wenzake walipounda chama cha wataalamu wa tiba ya dansi Marekani, yeye akawa rais wa kwanza.

Mtu anayetaka kazi ya Chace husomea shahada nyingine, kama zinazotolewa na Goldsmiths au Roehampton mjini London: saikolojia ya kina, mamia ya saa za kazi na wagonjwa chini ya msimamizi, na kwa kawaida yeye mwenyewe huwa katika tiba wakati anasoma. Mhitimu wa shahada ya dansi na ustawi hana mafunzo hayo. Anaweza kusaidia watu wapumue vizuri, wasimame vizuri, wajisikie wako nyumbani katika miili yao. Mtu akilala sakafuni na ghafla kumbukumbu ya ubakaji au vita ikamrudia, na hutokea maana mwili uliotulia hufungua milango, mhitimu huyu anatakiwa ajue kumshika asizame, na kumpeleka kwa mwenye ujuzi. Akijifanya tabibu hapo, anaumiza.

Sheria nazo zina mianya. Uingereza, vyeo vya mtaalamu wa tiba kwa sanaa za kuchora, kwa muziki na kwa drama vinalindwa kisheria. Dansi haimo, imeachiwa chama chake. Kwa upande wa somatiki kuna chama cha kimataifa, ISMETA, kilichoanzishwa 1988, kinachoandikisha walimu waliopitia mafunzo yasiyopungua saa 500. Baadhi ya shahada zimekubaliwa na chama hicho, baadhi hazijakubaliwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, swali la kuwauliza ni hili: nikimaliza, nitaruhusiwa kujiita nani, na ni chombo gani kitakachoniruhusu? Chuo kikijibu kwa maneno matamu yasiyo na jina la chombo, umejibiwa.

Na je, inafanya kazi? Nitasema ninavyoona ushahidi ulivyo, maana fani inayopendwa na watu wake hudhurika sana kwa kusifiwa kupita kiasi. Kwa ugonjwa wa sonona, wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya mwaka 2015 majaribio yote yenye viwango kuhusu tiba ya dansi. Walipata matatu tu, yenye watu 147 kwa jumla, na hawakuweza kutoa hukumu. Kwa wazee, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia watu 469 wa New York waliozidi miaka 75. Kati ya mazoezi yote ya mwili waliyoyafanya, kucheza dansi ndilo pekee lililoambatana na uwezekano mdogo wa kupata demensia. Ila ulikuwa ufuatiliaji, na haukuwa jaribio; huenda wenye akili timamu zaidi ndio walioendelea kwenda dansini. Kwa Parkinson picha ina nuru zaidi. Tangu 2001 kundi la dansi la Mark Morris huko Brooklyn limekuwa na madarasa ya wagonjwa hawa, na sababu yake inaeleweka: sehemu ya ubongo inayopanga mwendo ikishindwa, mdundo kutoka nje huupa mwili ratiba nyingine ya kufuata. Mtu ambaye miguu yake inaganda mlangoni huweza kuvuka akihesabu mdundo.

Lakini utafiti unaonigusa zaidi ulifanyika Brazil na kutolewa mwaka 2015. Vijana 264 walichezeshwa, baadhi wakifanya mwendo mmoja kwa pamoja, wengine kila mtu kivyake. Baadhi kwa nguvu, wengine kidogo tu. Kisha wakapimwa uvumilivu wa maumivu kwa mkanda wa presha uliobanwa mkononi. Waliocheza kwa pamoja walistahimili zaidi na walijiona karibu zaidi na wenzao, hata kama hawakujitahidi sana. Ule umoja wa mwendo peke yake ulikuwa na kazi yake.

Nasoma hayo na kumwona yule aliyelala peke yake sakafuni kule Preston, macho yamefumbwa. Hapo ndipo ninapotofautiana na fani hii ninayoipenda. Somatiki imejengwa juu ya mtu mmoja na mwili wake. Imewashukuru waziwazi Wajapani kwa judo na Wahindi kwa yoga. Afrika imetajwa kwa nadra, ingawa Katherine Dunham, mwanaanthropolojia na mcheza dansi mweusi wa Marekani, alikuwa tayari Haiti katika miaka ya 1930 akichunguza jinsi ngoma za dini zinavyoushika mwili na moyo kwa pamoja, na akajenga juu yake mbinu inayofundishwa mpaka leo.

Kwetu neno ngoma ni chombo, ni uchezaji, ni hafla yenyewe, na kuanzia pwani hadi kusini mwa bara hili ni tiba pia. Anayepungwa pepo hachezi peke yake. Wapigaji, waimbaji na ndugu wamemzunguka, na akipona amepona mbele yao. Vimbuza, ngoma ya uganga ya Watumbuka wa Malawi, imo katika orodha ya UNESCO tangu 2008. Na katika unyago wa pwani, anayemfundisha mwari mwili wake anaitwa kungwi au somo. Somo! Mwanamke mkubwa anayekaa na msichana na kumfundisha nyonga inavyozunguka, pumzi inavyotulia, mwili wake ni wa heshima na ni wake, yote kwa ngoma na nyimbo. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu. Nyumbani alijulikana pia kwa msondo na unyago wake.

Sisemi unyago ni somatiki. Una mambo yake ya utiifu na ya ndoa ambayo msichana wa leo ana haki ya kuyahoji. Nasema kijana aliyetoka Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au aliyesoma sanaa za maonyesho Mlimani, hafiki darasa hilo akiwa mtupu. Akitaka kwenda, ajue yafuatayo. Uzamili wa Uingereza una krediti 180, sawa na saa 1,800 za kazi, mwaka mmoja kwa anayesoma muda wote. Wengine husoma kidogo kidogo huku wanafanya kazi. Kwa kawaida huombwa shahada ya kwanza, ingawa vyuo vingi huzingatia uzoefu wa miaka jukwaani au kwenye ufundishaji, pamoja na mtihani wa Kiingereza. Mtanzania akirudi, cheti chake kitapitia Tume ya Vyuo Vikuu kutambuliwa, hivyo ni vema kuwauliza Tume mapema.

Kisha kuna mtihani ambao hakuna fomu inayoutaja. Mwanafunzi huyo akiamua kuandika tasnifu juu ya alichofundishwa na somo wake, kamati ya maadili itamuuliza kama ana ridhaa ya maandishi. Lakini mambo ya unyago huwa na kiapo. Yana walioingia na wasioingia, na tasnifu siku hizi huwekwa kwenye intaneti, mtu yeyote anaifungua. Ridhaa ya kungwi mmoja haitoshi kufungua kilichofungwa na wengi. Najua ningefanya nini. Ningeandika juu ya nyonga yangu mwenyewe: ilikuwa ngumu wapi, ililegea siku gani, nilisikilizia nini. Nyimbo ningeziacha kwa wenyewe, na katika ukurasa ambao msimamizi angetaka maneno ya nyimbo hizo, ningeeleza tu kwamba zipo na kwamba nilizicheza.